Siku Kumi na Tisa za Bure

Mwanangu Riziki,

Mwaka jana shule ya uuguzi ya Fizi haikukukataa. Dosie yako, zile karatasi za kuomba nafasi, haikufika kule. Ilibaki hapa Baraka, ndani ya kompyuta ya kazini kwangu, siku kumi na tisa, mpaka siku ya mwisho ya kupokea ikapita. Maneno "nafasi zimejaa" niliyatunga mimi, nikiwa nimesimama mlangoni kwetu na viatu mkononi. Sijamwambia mtu yeyote. Nakuomba usome barua hii peke yako, uikunje, usimwonyeshe baba wala shangazi Mariamu. Iwe siri yetu wawili.

Nimeanza na hayo kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu, ningefika ukurasa wa tatu bado nakuuliza kama umepata sabuni.

Sasa hivi uko kwa shangazi, ng'ambo ya barabara, unasukwa. Nikichungulia mlangoni naona mgongo wako, na magoti ya shangazi yamekibana kichwa chako huku na huku. Amesema hatamaliza kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo nina saa tatu. Papa Alimasi, mwenye kazi, ameenda msibani Lweba na amenikubalia nifunge mapema. Nimekaa kwenye benchi la wateja. Kompyuta nimeizima.

Mambo ya ndoo, ya chumvi, na ya nani wa kumsalimu kwanza ukifika shuleni Fizi kesho, shangazi anakuambia tangu asubuhi. Namsikia hadi huku. Mimi nitakuandikia yale ambayo yeye hawezi kukuambia, kwa kuwa hayajui.

Wasiotujua hucheka wakisikia nakuita mwanangu. Mimi nina miaka kumi na tisa, wewe kumi na mitano. Lakini unajua ilivyokuwa. Mama mwenyewe aliniita mama tangu nizaliwe, maana nilipewa jina la mama yake, hata akitaka kunichapa alisema, "Mama, kuja hapa nikuchape." Kisha yeye akatutoka. Siku ya kumaliza matanga, shangazi Mariamu alichukua kitenge chake, kile cha ndege wa manjano, akanifunga kiunoni mbele ya watu wote. Akasema, "Feza, mutoto ni huyu. Kuanzia leo ni wako." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kitenge kilifagia vumbi. Wewe ukanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, ukasema, "Basi, mama, mi niko na njaa." Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Nikaenda kusonga bugali. Bugali lilitoka na mabonge, nawe ukalila lote.

Tangu siku ile naogopa jambo moja tu: mtu akuangalie, aone nguo imechanika au nywele hazikuchanwa, aseme, nyumba hii haina mama. Likumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililotupotezea mwaka wako. Kompyuta ilisaidia tu.

Nilipomaliza mtihani wa serikali, papa Alimasi alinipa kazi katika sekretaria yake, hiki chumba kimoja karibu na soko. Nachapa barua za watu, natoa fotokopi, naunganisha simu kwenye umeme wa jua. Niliipenda kazi hii kwa sababu mtu mwenye haya anaweza kuifanya. Mteja anasema, mimi nachapa, hakuna anayeniuliza ninafikiri nini. Baada ya mwezi mmoja watu walianza kuniambia, "Wewe mutoto uko na akili ya mashini." Nikaamini. Hapo ndipo niliponenepa kichwa.

Tangazo la shule ya uuguzi lililetwa na papa Sango, yule mwenye pikipiki anayepanda Fizi kila Jumatatu na Alhamisi. Wanafunzi waliomaliza mwaka wa nane walete dosie: buletini ya alama za shule, cheti cha kuzaliwa, picha na barua ya kuomba nafasi. Papa Alimasi akaniagiza nitoe nakala thelathini, zibandikwe makanisani na sokoni. Nilizitoa moja baada ya nyingine, moyo wangu ukiruka. Tangu mama afe ulikuwa unawafunga bendeji wanasesere wa mahindi. Nikasema, huyu sasa anaenda.

Zilibaki wiki tatu. Wiki tatu ni nyingi.

Nilipoitoa buletini yako juu ya kabati, niliona doa la mawese, duara kubwa la rangi ya chungwa juu ya alama zako. Kosa lilikuwa langu. Niliweka chupa ya mawese juu yake siku ya mvua, nikasahau. Alama zote zilisomeka. Lakini mimi sikuona alama, niliona mtu wa Fizi anashika karatasi ile kwa vidole viwili, anasema nyumba hii haina mama.

Nikaamua nitaliondoa doa kwenye kompyuta. Nitapiga picha ya buletini, nitaisafisha, nitachapa barua yako kwa herufi nzuri, nitapanga yote katika dosie moja safi ambayo Fizi haijawahi kuiona.

Programu ya kwanza ilikuwa ya bure. Zote zilikuwa za bure. Kuishusha kwenye kompyuta kupitia simu kulinichukua siku nne, maana mtandao wetu unaujua, unakuja kama mgeni wa kuomba moto, haukai. Kila ulipokatika ilianza upya. Ilipofika, ikafunguka kwa lugha yenye herufi kama nyayo za kuku. Nikabonyeza hapa na pale siku nzima, kisha nikaitoa.

Ya pili ilitaka kunijua: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa. Nikaijibu yote kwa adabu kama mbele ya padri. Ikasema itanitumia namba ya siri. Namba ilikuja baada ya siku tatu, na ilipofika ikaniambia imeshakufa, niombe nyingine.

Papa Alimasi akaniona nimeinama hapo.

"Feza, uko na fanya nini na hii mashini tangu asubuhi? Bateja bananiuliza."

"Natafuta lojisiele ya kutoa doa, papa."

Lojisiele ndivyo anavyoziita programu, kwa Kifaransa chake.

"Ya kununua?"

"Hapana. Ya bure."

"Ah! Kama ni ya bure, endelea."

Tulikuwa watu wazima wawili tukikubaliana kwamba kitu kisichoomba faranga hakichukui kitu.

Ya tatu ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu ilikuwa nzuri. Ile mbaya unaitupa, unaendelea na maisha yako. Nzuri inakufundisha kidogo leo, inakuahidi kesho itakufundisha zaidi. Nilijifunza kukata, kubandika, kuchukua weupe wa karatasi upande mmoja na kuupaka upande mwingine, polepole kama mtu anayepaka nyumba kwa kijiti cha kiberiti. Siku tano. Doa likapungua, likapungua, likaisha. Nilikaa nikaitazama buletini yako inang'aa, nikasema, mama, ona. Nikabonyeza kuihifadhi. Ikatokea na jina la programu limeandikwa katikati ya ukurasa, kwa herufi za kijivu, kutoka pembe hadi pembe. Kuliondoa jina ndiko kulikokuwa kwa kulipia.

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nilisema, nimeshatoa siku nyingi, nikiacha sasa zitakuwa zimepotea. Nikatafuta programu nyingine ya bure, ya kufuta jina la ile ya tatu.

Papa Sango alikuwa anapita kila safari yake.

"Feza, dosie iko tayari?"

"Bado kidogo, papa Sango."

"Kidogo gani? Juzi ulisema kidogo. Hii dosie iko na mimba?"

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, nikarudi kuinama. Alhamisi iliyofuata akaingia tena, mkoba wake umejaa. "Niko na dosie kumi na moja hapa. Ni ya kwako tu inaogopa kupanda pikipiki."

Riziki, ningeweza kukumbuka jambo moja na lingeniokoa. Wewe ulikuwa mdogo mno. Kuna mtu alihama Lweba akampa baba wavu wa ndakala, wale dagaa wa ziwani, wa bure kabisa, mkubwa, una matundu machache tu. Baba akaubeba begani akiimba. Akaanza kuushona. Kila alipoziba tundu moja aliona mawili, maana uzi wenyewe ulikuwa umeoza. Usiku wa giza ulikuja, ule ambao taa zinaita ndakala na wanaume wote wako majini, na baba yuko uani na sindano. Mwezi ukatoka, uvuvi ukaisha, wavu bado. Mama akaja na sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaiweka mbele yake, akasema, "Baba Feza, huu wavu hauko na vua samaki. Uko na vua wewe." Baba aliendelea kushona siku ile. Lakini kesho yake aliukata, akafunga nao banda la kuku.

Nilikuwepo. Nilicheka pamoja na mama. Na bado nilipewa wavu wangu, nikakaa nao na sindano.

Ile programu ya kufuta jina haikuja peke yake. Iliingia na wenzake ambao sikuwaalika. Asubuhi mzee mmoja wa Kilembwe alikuja kuchukua barua yake ya shamba. Nikaitoa. Ikatoka mistari ya vibokisi vitupu, mwanzo hadi mwisho. Akaigeuza, akaigeuza tena, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mama, hii ni Kifaransa ya wapi?" Barua zote za wateja zilikuwa hivyo. Nilikaa siku nne kuitibu kompyuta ya papa Alimasi kabla hajagundua. Siku ya nne ilipona. Siku ile ile, saa tisa, kule Fizi walifunga kupokea dosie.

Bado hujasikia lililo baya zaidi. Kesho yake nilitaka kuandika namba ya simu ya mteja, nikavuta karatasi moja iliyokuwa imebaki kwenye mafungu, nikaandika nyuma yake. Nilipoigeuza, ilikuwa nakala ya lile tangazo. Nikasoma mstari wa mwisho kwa mara ya kwanza: barua iandikwe kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe, iliyochapwa haitapokelewa. Nilikuwa nimeitoa karatasi ile mara thelathini. Nusu ya Baraka iliusoma mstari ule kwa kazi ya mikono yangu. Mimi nilisoma juu, nikaona "barua", nikasema kuchapa ndiyo kazi yangu.

Nilirudi nyumbani viatu mkononi kwa sababu ya matope. Baba alikuwa anamenya muhogo.

"Fizi bamesema nini?"

"Nafasi zimejaa, baba."

"Zimejaa? Na huyu mutoto wa kwanza wa darasa?"

Wewe ukatoka jikoni na mwiko. Hukuuliza kwa hasira. Uliuliza kama mtu anayetaka kujua mahali alipoangusha kitu. "Mama, ni juu ya hesabu? Hesabu yangu haikuwa nzuri?"

Nikasema, "Labda."

"Nafasi zimejaa" ulikuwa uongo wa woga, labda ningeurudisha baada ya siku mbili. Lile "labda" ndilo linaloniamsha. Wewe ulilichukua ukalifanyia kazi. Ulipata daftari, ukaandika HESABU juu yake kwa kalamu nyekundu, na kila asubuhi kabla ya kwenda shambani na baba uliketi kwenye kizingiti ukakokotoa. Ulimfuata mwalimu wa kanisani akusahihishie. Mwaka mzima. Nilipita hapo mlangoni kila siku nikienda kazini, nikiruka miguu yako, nikasema, "Jitahidi." Hesabu haikuwa imekosa kitu, mwanangu. Uliadhibiwa kwa kosa ambalo halikuwepo, na mimi ndiye niliyekuwa nakutia moyo.

Sasa mwaka huu. Unakumbuka siku tulipoandika barua yako? Tulikaa kwenye meza ya nyumbani baada ya chakula cha mchana. Nilikupigia mistari kwa penseli. Karatasi mbili uliziharibu, ya tatu ikatoka vizuri, ile herufi ya kwanza ya jina lako ikiwa na mkia kama wa panya. Tukaja hapa. Nikaiweka buletini yenye doa kwenye fotokopi, nikabonyeza mara moja tu. Doa la rangi ya chungwa, katika nakala nyeusi na nyeupe, likatoka hafifu kama pumzi kwenye kioo. Lililonichukua siku kumi na tisa, taa ya fotokopi ililifanya wakati wewe unafunga kifungo cha blauzi. Nikacheka, kisha nikaenda nyuma. Uliponiuliza kwa nini macho yangu mekundu, nilisema moshi. Ukazungusha macho chumbani. Hakuna jiko humu. Ukaimeza hivyo hivyo, kama lile bugali la mabonge.

Dosie niliipeleka mwenyewe. Nilipanda Fizi nyuma ya papa Sango, nimefumba macho kila kona. Katika ofisi ya shule alikuwapo mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alishika buletini halisi, akainusa.

"Hii ni mawese?"

Nilitamani sakafu inimeze. "Ndiyo, mama."

"Mawese ya kwenu huko chini! Umenipa njaa."

Basi. Hofu yangu ya miaka minane ilikuwa hiyo tu. Hakuuliza kama nyumba yetu ina mama. Aliendelea kusoma, kisha akainua uso.

"Huyu mutoto, na hizi pointi, mbona hakuleta mwaka jana? Mwaka jana tulibakia na viti saba vitupu."

Nilisema asante, nikatoka nje, nikasimama karibu na pikipiki mpaka papa Sango akaniuliza kama ni kizunguzungu cha njia.

Viti saba, Riziki. Ndiyo sababu naandika. Sitaki uingie darasani kesho kutwa ukikaa pembeni kama mtu aliyekataliwa mara ya kwanza na kuhurumiwa mara ya pili. Kiti chako kilikuwa tayari tangu mwaka jana. Kilikungoja. Kaa katikati yake.

Kule utapewa vitu vya bure. Wenzako watakuwa na simu, watakuambia chukua hii ya kukufundisha mifupa ya mwili, chukua hii ya kutafsiri, chukua hii inaandika maelezo yenyewe. Sikuambii ukatae. Ninayo moja ya bure ninayoipenda, inapanga picha nne za pasipoti kwenye karatasi moja, na mtu aliyeitengeneza namwombea heri bila kumjua. Lakini nayo niliipa betri moja tu. Hivyo ndivyo ninavyofanya sasa: asubuhi betri imejaa jua, naijaribu programu. Betri ikiisha kabla haijanifanyia ile kazi moja niliyoitaka, naitoa, hata kama ni nzuri. Hasa kama ni nzuri. Papa Alimasi ananicheka, anasema naziandalia mtihani wa serikali. Ile ya jana ilifeli saa tano asubuhi, nikabaki na mchana mzima mkononi. Hujui utamu wake, kupewa mchana wako mwenyewe.

Na bado nakosea. Wiki iliyopita niliongeza betri ya pili kwa programu moja, nikajiambia ni kwa sababu ya mawingu.

Siku zile hakuna programu iliyonidai faranga hata moja. Zote ziliniomba kesho, nami nikawa nagawa kesho, na kesho zenyewe hazikuwa zangu. Zilikuwa zako. Hilo ndilo ninalojaribu kukuambia tangu ukurasa wa kwanza.

*

Nimeacha kalamu hapo juu kwa sababu baba ameingia. Amekuja na kamba ya kufunga sanduku lako. Nilikuwa nimekusudia kukupa barua hii kesho pikipiki ikishawaka. Lakini alisimama pale mlangoni akinyoosha ile kamba, akasema, "Ile shule ya kuchagua batoto ba wakubwa, sasa bameona wenyewe," na nikakumbuka mwaka mzima baba alivyosema maneno hayo sokoni, kanisani, kwenye mitumbwi. Nikamkumbuka Aline wa shangazi, ambaye mwaka huu amemaliza wa nane na alama nzuri, na shangazi akakataa hata kuuliza. "Kule banakataa batoto ba Baraka. Mi sitapoteza karatasi." Uongo wangu ulikuwa umeshahama nyumbani kwetu, umeoa, una watoto.

Nikasema, "Baba, shule haikumkataa Riziki. Dosie haikwenda. Ni mimi."

"Rudia."

Nikarudia. Nikamweleza doa, siku kumi na tisa, mstari wa mwisho, mlango. Sauti yangu unaijua, alilazimika kuinama.

Akakaa kwenye benchi. "Kwa hiyo mwaka muzima mi natukana batu ba Mungu?"

"Ndiyo, baba."

"Pale sokoni. Mbele ya pasteri."

"Ndiyo."

"Na kesho ni mi namupeleka mutoto kule. Nitabaangalia na macho gani? Feza, macho gani?"

Nilianza kulia. Akaizungusha kamba kiganjani muda mrefu. Kisha akasema, "Mi nilipoteza mwezi muzima na wavu uliooza, na mama yenu hakunifukuza." Nikadhani amemaliza. Akainua kidole. "Lakini mi siko na kitu cha kukusamehe. Mwenye mwaka ni Riziki. Umuambie yeye, na mudomo wako. Na Mariamu naye umuambie, Aline akiwa pale, sababu mi ndiye nilibaharibu masikio."

Nikamwambia kuna karatasi. Akaitazama barua hii, kurasa zote hizi, akasema, "Hii ni ya njia. Ya leo ni ya mudomo." Akaenda kufunga sanduku.

Papa Sango aliniambia asubuhi kwamba kule bado wanapokea hadi Jumamosi, kuna viti vitatu. Nimechukua karatasi safi tano na bic mbili za kuandikia. Aline ataharibu mbili, kama wewe. Buletini yake nitaitolea nakala kesho nikifungua, kabla pikipiki haijawaka, na itapanda nanyi.

Rudi kwenye ukurasa wa kwanza, pale nilipokuomba uikunje barua, usimwonyeshe mtu, iwe siri yetu. Utaona nimepitisha kalamu juu ya maneno hayo. Kwenye kompyuta ningeyafuta, usijue kamwe kwamba yaliwahi kuwepo. Hapa bado yanasomeka chini ya mstari. Nimeyaacha hivyo ili ujue kwamba nilipoanza saa tisa niliogopa, na sasa ni saa kumi na moja na nusu.

Shangazi ameshika kiberiti, anachoma ncha za misuko ya mwisho. Nakuja huko. Nitakuita pembeni kwanza, kisha nitarudi nawe mbele ya shangazi na Aline. Ukiona midomo inatembea na sauti haitoki, chukua karatasi hizi mkononi mwangu, usome kwa nguvu, wasikie wote.

Mama yako,
Feza